Mwendo wa Kutiliwa Shaka

Asubuhi niliyoondoka Garissa sikuwa nimeamua kuondoka. Nilitoka chumbani kutafuta chai na anjera, nimevaa kikoi na ndala, begi langu dogo begani. Begi hilo siliachi nyuma hata nikienda chooni, maana vyumba vya kupanga navijua, na funguo zake nazijua zilivyo nyingi. Karibu na soko nikakuta lori linamalizia kupakia vitunguu, magodoro na madumu ya mafuta ya kupikia. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi. Akasema Mandera, ila atashusha mzigo Wajir na Kutulo njiani. Nikamuuliza Kutulo kukoje, watu wanakunywa maji ya wapi, barabara imefika wapi.

"Wewe unasafiri ama unauliza?" akasema.

Nikasema nasafiri. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita: mdomo unatangulia, mwili unafuata.

Siku hiyo lakini mwili ulisita kufuata. Nilipoinua mguu kukanyaga tairi nipande, paja likakaza kama kamba ya ndoo iliyojaa. Halikuuma sana. Liliniarifu tu kwamba lipo. Nikajivuta kwa mikono, nikaangukia magodoro, nikakaa pale nikijikanda na kumfikiria kijana mmoja kwa ubaya.

Kijana huyo alikuwa na chumba cha mazoezi nyuma ya karakana, cha mabati, chenye vyuma vilivyotengenezwa kwa ekseli za magari na ndoo za rangi zilizojazwa saruji. Jana yake nilikuwa nimeingia humo. Zamani nilikuwa mtu wa nguvu. Nilibeba magunia sokoni na jioni nikacheza mpira kwenye uwanja wa vumbi kando ya mto. Kisha nikapata kazi ya kulinda duka, kazi ya kiti, na miaka ikapita nimekaa. Nilipoacha ile kazi niligundua kwamba nikipanda ngazi za msikiti wa mjini nasimama katikati nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Nikasema nitarudi kwenye mazoezi.

"Leo ni siku ya miguu, buda," kijana akaniambia. "Mikono ni siku nyingine."

Akaniwekea ekseli mabegani, nikawa nachuchumaa na kuinuka, nachuchumaa na kuinuka. Akaiondoa, akanitembeza hatua ndefu za kupiga goti chini, kwenda ukutani na kurudi. Halafu akaniegemeza ukutani nikae bila kiti mpaka miguu ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa saa ile. Nilijua nimepitiliza, lakini wapo waliokuwa wananitazama.

Kilichonitia wasiwasi ni alichosema nikiondoka. "Kesho utasema huyu jamaa hajui kazi. Kesho kutwa ndiyo utanijua."

Mtu anayejua maumivu yangu yatafika lini, nilijiuliza, ameyajuaje? Nimewahi kukutana na watu wa namna hiyo. Ama wanakuletea ugonjwa wenyewe, ama wanauza dawa yake. Na kwenye rafu yake kulikuwa na makopo makubwa ya unga wa kuongeza nguvu. Alinikorogea kikombe kimoja, cha rangi ya waridi, akasema ni cha bure. Cha bure mimi hukinywa, ila hukinywa nikiutazama uso wa aliyenipa. Aliongeza kwamba nikiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nikimbie hospitali. Hilo nalo alilisema akitabasamu.

Juu ya lori tulikuwa abiria wachache. Aliyekaa karibu yangu alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina, shuka begani, fimbo mapajani. Alikuwa ameshusha mbuzi Garissa na sasa anarudi kwao Kutulo. Lori halijafika mbali akanigeukia.

"Warran," akasema. Toa habari.

Kwa Wasomali hiyo si salamu tu. Msafiri hudaiwa habari: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani kaoa, nani kafa, na wewe mwenyewe unatoka kwa nani na unaenda kwa nani. Nilizaliwa kando ya Tana, watu wetu ni wa migomba na miembe, lakini nimekaa na Wasomali vya kutosha kuujua mchezo huo. Tatizo, sikuwa na kitu cha kutoa.

"Garissa hakuna mvua, adeer," nikasema. Adeer ni baba mdogo, neno la heshima.

"Hiyo najua. Wewe unaenda kwa nani?"

"Sina mtu."

"Biashara?"

"Hapana."

"Basi umefukuzwa."

"Sijafukuzwa."

"Umeiba?"

"Hapana, adeer."

Akanitazama kwa makini zaidi, kama mtu aliyefunguliwa mdomo wa mbuzi akakuta meno hayalingani na umri aliotajiwa. "Mtu hajafukuzwa, hajaiba, haendi kwa mtu. Wallahi, hii ni mtu ya aina gani?"

Abiria wengine wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini nikalisogeza begi upande wa pili.

Kizuizi cha kwanza tulikifikia jua limepanda. Barabara ile ina desturi yake: lori linasimama, abiria wote mnashuka, mnavuka kwa miguu kitambulisho mkononi, lori linakaguliwa, mnalipanda upande wa pili. Nikashuka nikiyumba, nikavuka nimetanua miguu kidogo. Askari hakuniangalia, lakini dereva aliniangalia. Alinifuata wakati nakanyaga tairi kupanda tena.

"Wewe, miguu ina nini?"

"Nilifanya mazoezi."

Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Hilo neno usiliseme huko mbele. Huku mtu akisema amefanya mazoezi, anaulizwa alifanya na nani, na alifanyia msitu gani. Sema umeanguka. Sema nge amekuuma. Ukinisimamishia gari mimi nakuacha hapo hapo. Vitunguu vinaoza."

Hakuwa anatania. Nikaangalia pande zote. Nyasi kavu, michongoma, mchanga mwekundu, na barabara ikiishia mahali ambapo macho yalikuwa yanachoka. Mtu mwenye miguu mizima akiachwa pale angeweza kutembea hadi kwenye kisima fulani. Mimi nilikuwa na miguu ya kuazima. Kuanzia hapo nilisafiri na jambo moja tu kichwani: nisiachwe.

Usiku tulilala Habaswein, kando ya lori. Asubuhi nikajaribu kuinuka.

Wengi wanaosoma hapa wamewahi kurudi kwenye mazoezi baada ya kukaa sana, kwa hiyo wataelewa nikisema sikuinuka. Nilijigeuza ubavu, nikapiga magoti, nikashika tairi, nikajikwea kama mtu anayepanda mnazi. Mapaja ya mbele yalikuwa yamevimba kwa ndani, magumu, na kuyagusa tu kulitosha kunitoa machozi. Makalio yalikuwa kama yamepigwa rungu. Mashavu ya miguu hayakutaka visigino viguse chini. Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba yule kijana hakukosea hata kidogo. Ilikuwa ni ile kesho kutwa yake.

Nikaanza kuwashuku wote. Nilianza na kile kikombe cha rangi ya waridi. Kisha nikawashuku mbu, maana kuna ile homa yao inayokunja watu kama vitanda vya kambi, na mto wetu una mbu wa kutosha. Kisha maji ya kwenye dumu nililochangia na wenzangu. Nikafika hata kumshuku mtu mmoja pale kwenye chumba cha mazoezi aliyesema, "Mzee ana nguvu, mashallah," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo huwa unashinda woga. Nikajipima. Homa sikuwa nayo. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikaangalia mkojo wangu kwa makini kuliko nilivyowahi kuuangalia. Ulikuwa kama wa siku zote. Viungo vyenyewe, magoti na nyonga, havikuuma. Ilikuwa nyama tupu. Nikazunguka lori. Mzunguko wa kwanza nilitembea kama bata, wa pili nafuu, baadaye karibu niwe mtu. Nikakaa kidogo, nikainuka: bata tena. Ugonjwa gani huo unaopungua ukiusumbua na kurudi ukiupumzisha? Nikagundua jambo lingine lililonishangaza. Kupanda lori kuliuma, lakini kushuka kuliuma maradufu. Mtu angedhani kushuka ni kazi ya dunia yenyewe, wewe unajiachia tu. Kumbe paja ndilo linalokushika usianguke, linanyooka huku linavuta, na kule kwenye chumba cha mabati nilikuwa nimelifanyisha kazi hiyo hiyo, kushuka na ekseli mabegani, mara nyingi kuliko lilivyozoea. Nikaanza kufikiri labda ni michubuko ya ndani, midogo midogo, kama mkono wa mtu asiyezoea jembe. Wazo hilo lilinituliza kidogo. Sikuliamini kabisa.

Dalali alikuwa ameniangalia muda wote huo, anasugua meno na mswaki wa mti.

"Walaal," akaniita ndugu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "jana usiku ulitahiriwa?"

Lori zima likaangua kicheko. Mtu mzima, ametanua miguu, ameshika kikoi kwa mbele kisiguse mapaja. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

"Nilitahiriwa zamani, adeer."

"Basi wamerudia. Walisahau kitu."

Akaja, bila kuniomba akanibana paja kwa vidole viwili, vile wanavyobana mgongo wa mbuzi kujua kama una mafuta. Nikapiga kelele.

"Damu imelala," akasema. "Hiyo dawa yake ni moto. Kijiti kimoja tu, kidogo. Hapa juu ya goti, na hapa. Ngamia wangu wote nimewachoma."

"Mimi si ngamia."

"Ngamia hulalamika kidogo kuliko wewe."

Alisema hivyo kwa upole, na alikuwa ameshaanza kutafuta kijiti kwa macho. Huko watu huchomana kweli, kwa nia njema kabisa. Nimewaona wanaume wazima wenye alama za duara tumboni na mgongoni wakizionyesha kama mtu anayeonyesha cheti. Nilimshukuru, nikasema tungoje kwanza. Lakini nilijiuliza kwa nini mtu nisiyemjua anajishughulisha hivi na miguu yangu.

Wajir tulisimama kushusha magodoro. Nilikalia dumu tupu kwenye kivuli cha ukuta, kikombe cha chai mkononi, na ndipo nikaona jambo lililonikata hamu ya chai.

Dalali na dereva walikuwa wamesimama nyuma ya lori, wameshikana mikono ya kulia, na juu ya mikono hiyo dalali ametandika shuka lake. Nilijua maana yake. Sokoni Garissa nimeiona tangu utotoni: bei ya mnyama haisemwi kwa mdomo, watu wasisikie. Inasemwa kwa vidole chini ya nguo. Kidole kikibanwa ni kiasi hiki, viwili ni kiasi kile, na nyuso zinatazama kando kana kwamba hakuna kinachoendelea. Unaona kitambaa tu kinatikisika kama kuna panya chini yake.

Lakini pale hapakuwa na mnyama. Hapakuwa na mbuzi wala kuku. Na wote wawili, kwa wakati mmoja, waligeuka wakanitazama mimi.

Dereva akatikisa kichwa. Shuka likatikisika. Dalali akacheka, akaninyooshea kidevu, shuka likatikisika tena. Hatimaye mikono ikaachana, wakatoka kila mmoja upande wake, kama watu waliomaliza biashara.

Nikafikiria kila kitu kwa mpigo. Nimeuzwa. Kwa nani? Labda mbele kuna watu wanaotafuta vibarua wa migodi, mtu hana jamaa, hana anayemngoja, nani atauliza? Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia sina mtu. Labda nauzwa kwa askari kama mtu wa kushukiwa, ili wengine wapite bila usumbufu. Nikaamua kuchukua begi na kupotelea mjini. Wajir ni mji mkubwa, nisingekosa mahali.

Ninaeleza lililofuata bila kujitetea. Nilitaka kuinuka kutoka kwenye dumu, miguu ikakataa. Nikajaribu kusukuma kwa mikono, dumu likabonyea. Nikajizungusha ubavu, nikashika ukuta, nikapanda polepole, meno nimeyauma. Niliposimama wima, honi ilikuwa inalia, dalali yuko juu ya lori amenyoosha mkono, na dereva anapiga kelele kwamba anayebaki abaki. Mtu ninayemshuku akanivuta juu kama gunia, na sikuwa na nguvu za kukataa.

Kutoka Wajir nilimpa dalali mgongo. Alinipa tende. Nilizishika mkononi mpaka zikayeyuka.

Baada ya Tarbaj tukakuta kizuizi kingine. Hiki hakikuwa kama vile vya nyuma. Askari walikuwa wengi, hawatanii, na lililotokea huko mbele siku zile sikulijua wala sikuuliza, ingawa mimi ni mtu wa kuuliza. Tulishuka. Nilitua kwa miguu miwili, na nadhani nililia.

"Wanaume huku! Kitambulisho juu! Chuchumaa!"

Wote wakachuchumaa. Kwa watu wa kule kuchuchumaa si kazi. Mzee wa miaka mingi anaweza kukaa hivyo tangu alasiri hadi magharibi akipiga soga. Mstari mzima ukashuka kama nyasi zilizolazwa na upepo, na mimi nikabaki nimesimama katikati, kitambulisho juu.

"Wewe! Nimesema nini?"

"Nasikia, afande. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nikajaribu. Nilifika nusu, mapaja yakashika moto, nikarudi juu. Askari akasogea. Alikuwa kijana wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kando, dereva alikuwa ameshaingia kwenye lori na kushika usukani. Hakuwa ananitazama mimi, alitazama barabara.

"Umeumia wapi?"

Nge, nilijiambia. Sema nge. Lakini nge huuma mahali pamoja, angetaka kuona alama, na mimi nina alama gani? "Mapaja, afande. Nilifanya mazoezi."

Hata waliochuchumaa waligeuza shingo kunitazama.

"Mazoezi," akarudia taratibu. "Ya nini?"

"Ya miguu."

"Ulifanyia wapi?"

"Garissa. Kwenye chumba."

"Chumba gani?"

"Cha mabati. Nyuma ya karakana."

Kila jibu lilikuwa kweli na kila jibu lilinizamisha. Akaniuliza nilikuwa na nani, nikasema kijana mmoja ambaye simjui jina, na hilo pia lilikuwa kweli. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Kutulo. Kwa nani? Sina mtu.

"Mimi najua hayo maumivu," akasema. "Wiki ya kwanza chuoni nilishuka ngazi kwa makalio. Lakini mimi nilijua natayarishwa kwa kazi gani. Wewe unatayarishwa kwa kazi gani?"

"Nilikuwa nachoka nikipanda ngazi, afande."

"Garissa kuna ngazi ngapi?"

Lori likanguruma. Nikamwona dereva anaweka gia, na nikajiona nimekaa kando ya barabara ile kwa siku nyingi, nikisubiri mtu wa kumpigia simu kijana nisiyemjua jina.

"Chuchumaa," askari akasema tena, kwa upole safari hii, na upole ule uliniogopesha zaidi.

Nikashuka. Nilishuka mpaka pale nilipofika mara ya kwanza, nikapita, miguu ikaachia yote kwa pamoja, nikaketi mchangani kwa kishindo, kikoi kimefunuka, kitambulisho bado kiko juu. Mtu mmoja mstarini akacheka puani. Askari naye mdomo ulimcheza, lakini akajizuia.

Ndipo dalali alipoinuka kutoka mstarini bila kuambiwa, akisafisha mchanga kwenye shuka.

"Afande, huyo ni marti yangu. Mgeni yangu. Miguu yake ni bovu, na akili kidogo pia. Lakini ni mgeni yangu."

"Unamjua, mzee?"

"Namjua. Tumetoka naye Garissa."

"Amesema hana mtu Kutulo."

"Hakujua," dalali akasema. "Sasa anajua."

Askari akatutazama sisi wawili. Huko mtu mzima akisema mbele ya watu kwamba fulani ni marti wake, amejifunga. Likitokea jambo, wanamtafuta yeye na ukoo wake, si mgeni. Askari alikuwa amekaa huko muda wa kutosha kulijua hilo. Akachukua simu, akapiga picha kitambulisho changu, kisha cha dalali.

"Mzee, huyu akipotea, nakuja kwako."

"Kuja. Kutulo hata mbuzi wananijua."

Akanirudishia kitambulisho na kuninyooshea mkono aniinue. Nilipita upande wa pili nimetembea nusu na kuvutwa nusu. Dereva alikuwa amesimamisha lori mbali kidogo, injini inawaka. Alikuwa amengoja.

Tulipoanza kwenda nikamgeukia dalali. Nilishindwa kujizuia.

"Adeer, pale Wajir, chini ya shuka, mlikuwa mnauza nini?"

"Wewe," akasema.

"Kwa bei gani?"

"Hukufika bei. Mnunuzi aliona miguu."

Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akaniambia. Dereva alitaka kuniacha Wajir, kwa sababu aliniona nikizunguka lori asubuhi kama bata na akajua mbele nitamletea shida. Dalali akakataa. Dereva akataka kitu kwa hiyo shida, wakashikana mikono, akapandisha, huyu akashusha, wakakutana kwenye mbuzi dume mmoja, mdogo, atakayemchukua akirudi.

"Kwa nini?" nikauliza. "Hunijui."

"Utaona."

Neno hilo likarudisha wasiwasi wote. Mtu hatoi mbuzi kwa ajili ya mpita njia. Sijawahi kuona. Nilikaa nikimtazama ubavuni hadi mabati ya Kutulo yalipoanza kung'aa mbele yetu.

Tulifika alasiri. Barabara pana ya vumbi, maduka ya mabati pande mbili, punda wa maji wamesimama kwa mstari kama wanangoja kuhudumiwa, na adhana imetoka kwisha. Dereva aliteremsha vitunguu bila kuniangalia. Nikashuka kwa kinyumenyume, tumbo limegusa mbao, hatua moja moja. Nikamshukuru dalali, nikamwambia mimi sasa natafuta lojing.

"Lojing imejaa watu wa barabara."

"Hakuna nyingine?"

"Iko nyingine. Kuja."

Nikamfuata kwa sababu sikuwa na miguu ya kutafuta. Alinipeleka nyuma ya maduka, kwenye boma la miti lenye lango la bati. Mwanamke akafungua, amejitanda kitambaa cha rangi ya machungwa, sinia la unga kiunoni. Alikuwa dada yake. Wakaamkiana kwa maneno mengi, kisha akanitazama mimi, na akaitazama miguu yangu.

"Aboowe, kaka yangu, umeleta nini? Huyu anaumwa?"

"Haumwi. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuchuchumaa."

"Mtu anajifunza kuchuchumaa?" Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa huruma. "Kwao hakuna vyoo?"

Akanyoosha kidole kwenye chumba cha pembeni, cha udongo na mabati, chenye mlango wake. Mwalimu aliyekuwa akikaa humo alihamishwa, akasema, na tangu hapo kimekaa bure. Alinieleza kodi ya juma, akamwangalia kaka yake, na kaka yake akaangalia pembeni, kama anavyofanya mtu ambaye mkono wake uko chini ya shuka.

"Adeer," nikasema, "wewe ni dalali wa hiki chumba?"

"Mimi ni dalali," akajibu, hakuona swali. "Mgeni wa kukaa ni bora kuliko mbuzi. Mbuzi nauza mara moja."

Sikumbuki nimewahi kufurahi hivyo kugundua kwamba mtu ananilia faida. Tangu Wajir nilikuwa nimembeba yule mtu kifuani kama jiwe, nikitafuta anachotaka. Kumbe alitaka kodi. Kodi naijua. Nikalipa juma la kwanza pale pale langoni, nikaomba kuona kufuli, nikalijaribu mara mbili, nikaangalia dirisha kama lina chuma. Lilikuwa nacho.

Dalali aliponiona nimeingia, alisimama mlangoni, fimbo imelala mabegani, mikono imening'inia juu yake.

"Jambo moja," akasema, na safari hii hakutania. "Ukitaka kuondoka, niambie kwanza. Yule afande atakuja kwangu. Ana picha yangu."

Nilitafuta mtego ndani ya maneno hayo na sikuuona, na hilo lilinisumbua kuliko mtego. Sijawahi kumwambia mtu naondoka. Mimi mwenyewe huwa nachelewa kujua.

"Na nikisahau?"

Akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, taratibu.

"Juma lijalo labda utasahau," akasema. "Juma hili niko salama."

Godoro lilikuwa chini, sakafuni. Nilimwambia nitamwambia. Kisha nikafunga mlango kwa ndani, nikashika ukuta kwa mikono miwili, na nikaanza kushuka.